Nilitenganisha vikombe, dirisha nikaacha limefungwa

Kikombe kilikuwa cha plastiki, rangi ya kijani, vile vya soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili vinne kwa mia. Nikaomba jirani rangi ya kucha nikapiga doa jekundu chini yake, nikamwambia mdogo wangu hiki ndicho chako, usiguse hivyo vingine. Sahani yake pia nikaweka doa, kijiko doa, hata nikamnunulia beseni yake ya kuoga. Nilijiona mjanja sana siku hiyo, ni kama nimejenga ukuta kati yangu na ugonjwa wake, ambao baadaye tulikuja kujua ni TB, kifua kikuu, na usiku tukafunga mlango tukafunga dirisha tukalala, yeye kwa godoro chini mimi kwa kitanda, pua zetu hazijaachana hata mita mbili.

Wacha nieleze hicho chumba ndio unielewe. Ni mabati, Manyatta, futi kumi kwa kumi, kitanda, pazia, jiko, tivi ndogo na mitungi ya maji. Dirisha liko moja la mbao, dogo hivi, na mimi nilikuwa nimelipigilia katoni kwa ndani tangu mwaka nilipohamia, sababu mtaani kuna wale wezi wa kuvua, wanaingiza fito yenye msumari usiku wanavua suruali yako na simu ikiwa ndani ya mfuko, asubuhi unaamka unatafuta nguo. Halafu mbu. Hapa Kisumu malaria si stori ya kitabu, kila mtu ameshaipata, kwa hivyo dirisha kufungwa jioni ni kama sheria. Kwa hivyo nilikuwa naogopa mwizi, naogopa mbu, naogopa kikombe. Hewa sikuiogopa. Utaogopaje kitu hukioni na ndio unakipumua?

Mdogo wangu alikuja kutoka nyumbani Ugenya baada ya Krismasi kutafuta kazi ya mjengo. Kijana wa miaka 23, anabeba simiti mifuko miwili kwa mpigo. Kufika Februari alikuwa anakohoa. Sasa hapa ndio nataka mtu asome polepole, kwa sababu kila dalili tuliipatia sababu yake na kila sababu ilikuwa inaingia akilini kabisa. Kikohozi, tukasema ni vumbi ya simiti. Kutoa jasho usiku mpaka fulana inakamuliwa, tukasema ni joto, na nani hatoi jasho Kisumu mwezi wa pili ndani ya mabati? Kukonda, tukasema ni kazi ya mjengo na chakula cha kubahatisha. Homa ya jioni, tukasema malaria, akapimwa kwa kemisti ikakosekana, akapewa dawa ya malaria hata hivyo. Ukichukua hizo nne moja moja hakuna la kushtua, lakini hakuna mtu aliyeziweka kwa meza moja akaziangalia pamoja.

Kwa kemisti tulienda mara tatu. Mara ya kwanza sirapu ya kikohozi, mara ya pili amoksili, mara ya tatu sirapu ingine ya bei kubwa kidogo na antibayotiki tofauti. Kila mara anapata nafuu siku mbili tatu halafu kinarudi. Sina ugomvi na yule jamaa wa kemisti, anauza anachoulizwa, mimi ndiye nilikuwa naingia naomba ya kikohozi kama mtu anaomba sukari.

Halafu kuna mama. Nilipompigia kumwambia kijana amekonda alinyamaza kidogo kwa simu, kisha akauliza kama mwaka uliopita mdogo wangu alitangulia kupanda shambani kabla yangu mimi mkubwa. Wajaluo mnajua anaelekea wapi. Chira. Mtu akianza kukauka hivyo, wazee wanatafuta ni mwiko gani umevunjwa. Mama yangu si mjinga, amelea watoto sita na wote wako hai, na sikumbishia, mwanaume habishani na mamake kwa simu. Lakini hiyo stori ya chira ilitula wiki tatu nzima. Ilibidi atumiwe nauli, arudi nyumbani, apewe miti ya kunywa, arudi tena Kisumu akiwa amekonda zaidi, na hapo katikati amepanda matatu mbili kwenda mbili kurudi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, anakohoa njia yote.

Kikombe cha kijani kilikuja hapo, baada ya safari. Kuna siku alikohoa kwa kitambaa nikaona kama uzi wa damu. Hakusema kitu, mimi pia sikusema. Kesho yake nikaenda kuomba rangi ya kucha.

Aliyetuokoa si daktari, ni mama wa afya wa mtaa, wale wa CHP wenye begi na simu ya kuandikia. Alikuwa anapita ploti kwa ploti kuuliza kama watu wako na neti. Akasikia kikohozi kupitia mabati akasimama. Hakuingia. Aliniuliza nikiwa kwa mlango, "Hiyo kikohozi ni ya nani, na iko na muda gani?" Nikasema ni ya mdogo wangu, kama mwezi hivi. Akauliza jasho la usiku. Akauliza homa. Akauliza kama amepungua kilo. Maswali manne tu. Nilikuwa najibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, na nikiwa kwa ndiyo ya tatu nikajua mwenyewe, ni kama mtu ananisomea barua niliyokuwa nimeikalia.

Alimpa kopo dogo lenye kifuniko na akamfundisha namna ya kutoa makohozi, na sikujua hata hilo liko na namna. Asubuhi kabla ya chai. Suuza mdomo na maji. Kaa nje, mahali pa wazi, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu uishike, halafu kohoa kutoka chini kabisa, si mate ya mdomoni, mate hayasaidii mtu. Mdogo wangu alisimama saa kumi na mbili asubuhi nyuma ya kamba ya nguo, ananyanyua mabega anakohoa, na mimi nikiwa mlangoni nimeziba pua na shati, na ndani ya chumba nyuma yangu hewa ya usiku mzima bado iko pale pale imetulia.

Kopo lilipelekwa kupimwa kwa ile mashine ya GeneXpert. Hiyo kitu yenyewe ikianza kazi haimalizi hata masaa mawili, inaonyesha kama kuna TB na pia inaonyesha kama hiyo TB inakataa rifampisini, ambayo ni dawa kubwa katika hizo dawa. Sisi tuliitwa kesho yake. TB iko. Dawa inaisikia, yaani hiyo TB haikatai rifampisini. Hiyo ya pili sikuelewa uzuri wake siku hiyo, nilielewa baadaye.

Kliniki ya TB kwa ile hospitali iko nje, chini ya paa bila ukuta, mabenchi tu, na nilidhani ni umaskini wa serikali. Kumbe ni makusudi. Nesi mmoja mama mtu mzima, tukawa tunamwita daktari kama kawaida yetu, akatukalisha kila mtu upande wake na upepo ukitoka kwake kuja kwetu, na hiyo pia ilikuwa makusudi. Akaniuliza mnalala aje. Nikamweleza, nikafika kwa vikombe nikasema kwa fahari kabisa, daktari mimi nilitenganisha kila kitu, kikombe, sahani, beseni.

Alicheka. Si kunidharau, alicheka vile mama anacheka mtoto amevaa viatu kinyume. Akasema, "Hicho kikombe kirudishe na vingine, baba, mnywe chai pamoja. Sasa niambie dirisha."

Nikamwambia ya katoni.

Akaacha kucheka. Akasema, sikiliza, ukikaanga omena ndani ya hicho chumba umefunga, halafu utoke uende kazi, ukirudi jioni harufu itakuwa imeenda? Nikasema hapana. Akasema basi ndio hivyo. Mtu wa TB ya mapafu akikohoa, akiimba, hata akiongea tu kwa sauti, anatoa matone madogo sana, yanakauka hewani yanabaki kitu chepesi kuliko vumbi, hakianguki chini, kinaelea masaa, na ndani yake kuna vijidudu. Anayepumua hiyo hewa ndiye anabeba. Hakipandi kwa kikombe. Hakipandi kwa kusalimiana, hakipandi kwa nguo wala kwa choo. Dirisha likiwa wazi na mlango wazi, upepo unabeba unapunguza, na jua ukiliruhusu liingie linaua. "Ulifunga mlango wa mwizi," akaniambia, "na mwizi yuko ndani."

Nilikaa na hayo maneno njia yote kurudi Kondele. Kinyume chake ndicho kiliniuma zaidi. Kile kikombe hakikunikinga na kitu, na kilimuumiza. Siku zote hizo mtoto wa mama yangu anakunywa chai akiangalia doa jekundu.

Yale mengine nesi alieleza haraka haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Kwamba karibu robo ya watu wa dunia wamebeba vijidudu vya TB ndani yao vimelala tu, hawaumwi na hawaambukizi mtu, na kati ya hao mia ni kama watano hadi kumi watakuja kuugua siku moja, isipokuwa mwili ukidhoofika, kama mtu ako na virusi vya ukimwi bila dawa, au sukari, hapo hatari inapanda sana. Ndio maana mgonjwa wa TB anapimwa HIV siku hiyo hiyo, si kwamba wamekushuku. Nikamuuliza, na ile chanjo tulichomwa mkononi tukiwa watoto, si kovu bado liko? Akasema hiyo ya BCG inasaidia sana watoto wadogo wasipate ile TB mbaya ya ubongo na ya kusambaa mwilini, lakini mtu mzima usitegemee kovu. Kwa ukuta kulikuwa na bango la tarehe 24 Machi, siku ya TB duniani, kwa sababu siku hiyo mwaka wa 1882 ndio Mjerumani Robert Koch alitangaza amekiona hicho kijidudu chenyewe. Nilifikiria, 1882. Zaidi ya miaka 140 watu wamejua hiki ni kitu cha kuonekana na macho kwa darubini, na mimi niko Manyatta na rangi ya kucha.

Dawa ni bure, hiyo watu wengi hawajui wanakaa nyumbani wakiogopa bili. Miezi sita. Miwili ya kwanza dawa nne ndani ya tembe moja, minne inayofuata dawa mbili. Siku ya kwanza aliniita nje alfajiri kwa sauti ya kuogofya, njoo uone, nikakimbia nikijua ni damu, kumbe ni mkojo umekuwa rangi ya Fanta. Nesi alikuwa ametuambia, ni rifampisini inafanya hivyo, lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili.

Lile ambalo hatukuwa tumelifikiria kabisa ni mtoto wa jirani. Mama jirani huuza mboga na msichana wake wa miaka mitatu alikuwa anakuja kwetu mchana kuangalia katuni. Mdogo wangu akiwa amelala nyumbani hawezi kazi, mtoto anakaa kwa godoro lake, mlango umerudishwa ndio jua lisipige kwa tivi. Wiki kadhaa hivyo. Walipouliza kliniki ni nani mwingine anakaa kwa hiyo hewa nilitaka kusema ni mimi peke yangu. Nilimeza mate. Halafu nikasema.

Kwenda kumwambia mama jirani ilikuwa ngumu kuliko kitu chochote kwa hii stori. Nilimkuta anakata sukuma. Nilipomaliza hakunijibu, alinyanyuka akambeba mtoto akaingia ndani akafunga. Kesho yake habari ilikuwa imezunguka bomba lote la maji, watu wakawa wanaacha nafasi tukija kuchota, keateka, yule msimamizi wa ploti, akaja kuniuliza kama tuna mpango wa kuhama. Kuhama tuende wapi, na dawa ndiyo hiyo imeanza? Mama wa CHP ndiye alikaa na hao akina mama pale bombani akawaambia mtu akimeza dawa sawasawa wiki mbili hivi, kama dawa inafanya kazi, uwezo wake wa kuambukiza unashuka sana, wa kuogopa ni yule anakohoa na hajapimwa. Hapo wakaanza kuangaliana wao kwa wao.

Mtoto alipimwa, hakuwa mgonjwa, akapewa dawa ya kuzuia, miezi mitatu, ile ya watoto inayeyuka kwa maji na iko na ladha tamu. Mimi nikapigwa picha ya kifua, nikaonekana sawa, nikapewa yangu ya kuzuia, mara moja kwa wiki, wiki kumi na mbili, na vitamini ya B6 pembeni. Wiki ya pili mama jirani aligonga mlango wetu usiku, akauliza kama mtoto akitapika dawa baada ya kumeza anarudiwa au vipi. Hatukusema samahani, hatukusema asante. Nilimpigia nesi simu tukamsikiliza wote wawili kwa spika.

Mdogo wangu wiki ya nne alikuwa amepona. Yaani yeye alisema amepona. Kikohozi kimeisha, kilo zinarudi, anakula ugali ya watu wawili, na mjengo ulikuwa unaita huko Mamboleo. Akaanza kuniambia tembe zinamchafua tumbo, amezimeza mchana, atazimeza kesho. Nikahesabu paketi nikiwa peke yangu, nikapata tembe zimezidi. Tuligombana vibaya sana, omera usinifanye mtoto, mimi si mtoto wako. Na hapo ndipo nikakumbuka ile kwamba dawa inaisikia. Vijidudu vikipigwa nusu nusu vile vigumu ndivyo vinabaki, vinazaana, na siku ingine mashine itasema rifampisini haifanyi, na dawa ya hiyo TB sugu ni kali kuliko hii. Sikumweleza kwa ukali, nilimwambia tu nitakuwa nakuja kazini kwako saa saba na maji. Nilienda siku tatu. Wenzake wakamcheka sana mpaka akaanza kumeza asubuhi nyumbani mbele yangu ndio nisije tena. Septemba akamaliza.

Dirisha nililifungua siku ile ile ya kliniki. Nilitoa katoni, nikaita fundi akaweka nondo tatu na waya wa mbu, hiyo ikanigharimu chini ya nilichokuwa nimetupa kwa sirapu. Na neti tulikuwa nazo mbili za bure kutoka zahanati, zimekunjwa chini ya kitanda.

Sasa, ukidhani nilikuwa nimeerevuka, ngoja.

Novemba dani, nyanya yetu, alituacha tukaenda kumzika. Mimi siku hizo nilikuwa profesa wa hewa. Hema likiwekwa nawaambia inueni pande zote upepo upite, matatu nafungua dirisha watu wananinunia, mtu akikohoa nageuka. Kila mtu alinijua. Halafu chakula kikaja, na kabla ya chakula likaja lile beseni. Mnalijua. Beseni moja, maji moja, linapita mstari mzima wa wanaume chini ya mwembe, kila mtu anatumbukiza mikono anasuguasugua bila sabuni anapokeza mwenzake. Wa kwanza ananawa. Wa thelathini anachovya kwa supu. Mimi nilikuwa kama wa ishirini, na nikachovya, na nikala ugali na nyama kwa mkono huo, na nikanywa maji ya mtungi ambayo punda alileta kutoka mtoni na hakuna aliyeyawekea kitu, huku nikiwa nimejiweka upande upepo unatoka.

Usiku wa pili nilianza kuhara. Na si mimi tu, nusu ya boma. Wengine wanatapika pia. Nilijifunza kile maji ya mwili ni nini, kwa sababu kufika asubuhi sikuwa na mate, macho yameingia ndani, ukivuta ngozi ya mkono inabaki imesimama. Mke wa binamu yetu ni mwalimu wa nasari na ndiye aliyeshika usukani, hakungoja mtu. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vidogo sita vimesawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Si zaidi ya hapo kwa chumvi, alikuwa anarudia hiyo, chumvi ikizidi unamuumiza mtu. Kunywa kidogo kidogo, ukitapika ngoja dakika kumi uanze tena. Watoto wawili akawatoa mapema na bodaboda waende hospitali na paketi ya ORS mkononi wakinyweshwa njiani, kwa sababu alisema kama ni kipindupindu mtu anaweza kuisha kwa masaa, hangoji siku. Wakapewa na zinki. Wote walirudi.

Nikiwa nimelala chini ya ule mwembe nilijicheka. Huku mwezi wa pili niliogopa kikombe na ugonjwa ukaja na hewa. Huku Novemba nikaogopa hewa na ugonjwa ukaja na kikombe.

Hiyo nilimsimulia mteja wangu mmoja mwalimu wa baiolojia, mimi ni kinyozi Kondele sijasema, naye akaniambia sijaanza mimi. London mwaka wa 1854 watu walikuwa wanakufa na kipindupindu na karibu wakubwa wote, na madaktari, waliamini ni hewa mbaya, ule uvundo wa mitaa. Daktari mmoja anaitwa John Snow akawa anauliza nyumba kwa nyumba waliokufa walikuwa wanachota wapi, akaona wengi wanarudi kwa pampu moja ya Broad Street, akawashawishi wenye mamlaka wakatoa mpini wa pampu. Baadaye ikapatikana karibu na kisima kulikuwa na shimo la choo linavuja. Mwalimu akaacha nimalize kumnyoa upande mmoja halafu akasema, sasa wewe nenda Nyalenda uhesabu hatua kutoka kisima hadi choo. Sikuhitaji kwenda. Nimekaa Nyalenda. Zingine hazifiki hatua kumi, na mvua ikinyesha vyote vinakuwa kitu kimoja. Siku hizi maji ya kunywa kwangu yanawekwa dawa ya klorini, kipimo kile kimeandikwa kwa chupa, naangalia saa nusu saa iishe ndio mtu anywe, na mlangoni kuna mtungi wa lita ishirini wenye mfereji na sabuni imefungwa na kamba. Maji yanatiririka yanaenda. Beseni nimelipiga marufuku hata kwa wageni wa heshima, na kuna mjomba alikasirika.

Nilirudi kazini nikaanza kuangalia kinyozi yangu kwa hayo macho, na hapo nikapata aibu ya tatu. Miaka sita nanyoa vichwa. Watoto wanaletwa Jumamosi kabla ya shule kufunguliwa, kumi na tano kwa msururu, na mimi mashine natoa kwa kichwa hiki nabandika kwa kile, katikati nimeipulizia spiriti kidogo ile ya kuonyesha mzazi. Kuna ile boksi yenye taa ya bluu pia, nilinunua kwa sababu kila kinyozi iko nayo, natupa mashine ndani na nywele zake na mafuta yake nawasha taa. Mwalimu akaniuliza, hiyo taa inapitaje ndani ya nywele? Haipiti. Inagusa pale inaangaza tu, uchafu ukiwa juu ya meno ya mashine, kilicho chini kinalala salama. Kwa hivyo mashilingi, yale madoa ya kichwani, nilikuwa nagawa mimi mwenyewe. Hayo mashilingi, wengine wanaita choa, si mnyoo hata kama Wazungu wameyaita hivyo, ni ukungu, jamaa wa ule unaota kwa mkate, na unatembea na nywele na vigamba kutoka kichwa kimoja kwenda kingine kwa mashine, kwa taulo, kwa kofia.

Sasa niko na mashine tatu zinapokezana. Ikitoka kwa kichwa nafungua meno napiga brashi mpaka nywele zote ziishe, ndipo spiriti, na inakaa ikauke yenyewe, siifuti. Wembe mpya kila mtu, nauvunja akiona, kwa sababu kwa damu kuna hepataitisi B ambayo inaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba, hiyo ilinitisha kuliko ukimwi. Taulo ndio imenikula pesa, ile ya moto ya kufuta uso watu wanaipenda kufa, zamani nilikuwa na nne zinazunguka siku nzima kwa beseni moja la maji ya moto. Saa hii ni taulo moja mtu mmoja halafu inaenda kufuliwa, nimenunua ishirini na tano, nikaongeza kumi bob kwa bei na wateja wawili wakahama. Wacha wahame.

Na mtoto mwenye mashilingi simfukuzi. Zamani nilikuwa nasema kwa sauti, huyu peleka ingine, mbele ya watu, na unaona mtoto anavyoingiza kichwa ndani ya shati. Sasa nasubiri, namwambia mamake kando, mama hii cream ya kupaka haifiki kwa mzizi wa nywele, mpeleke wampe tembe za kumeza, na zinachukua wiki kadhaa, asikate njiani. Nikisema hapo pa kukata njiani huwa nasikika mkali kidogo.

Mdogo wangu alihama mwaka jana, ako na chumba chake Otonglo na msichana ambaye bado hatujatambulishwa rasmi. Jumapili iliyopita nilimtembelea. Akaniwekea chai kwa kikombe cha kijani. Nilipoinua kunywa nikaona doa, limefifia lakini liko, na yeye alikuwa ananiangalia akitabasamu kwa upande, hakusema kitu, nikanywa nikamaliza. Chumba kilikuwa na joto sana. Nikageuka nikaona dirisha, limefungwa na limewekewa pazia zito juu.

"Mbu," akasema kabla sijauliza.

"Neti iko wapi?"

Akanionyesha nje kwa mdomo. Ilikuwa imefunika sukuma wiki, kuku wasidonoe.